Mseto wa polima na chembe za nano: Plastiki inayobeba umeme

Mwambie Mkenya kuwa wanasayansi wanatengeneza 'filamu za polima' naye atakuuliza zinaonyeshwa ukumbi gani. Ndiyo sababu mimi hulipendelea neno utando. Maziwa yaliyochemshwa yakipoa hufanya utando juu. Vivyo hivyo, polima iliyoyeyushwa katika maji moto, ikamiminwa kwenye sahani bapa na kuachwa ikauke, hubanduka ikiwa utando mwembamba unaopinda bila kuvunjika. Watafiti wa vifaa vya kielektroniki vilivyo nyumbufu huanzia hapo.

Polima ni molekuli ndefu iliyoundwa kwa viungo vidogo vinavyojirudia, mithili ya shanga katika uzi. Mpira, nailoni, hata wanga wa muhogo ni polima. Nyingi ni vihami, ndiyo maana nyaya za stima huvikwa plastiki. Imani kwamba plastiki haiwezi kupitisha umeme iliyumba mwaka wa 1977, Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walipoutia utando wa poliasetilini mvuke wa iodini, na uwezo wake wa kupitisha umeme ukapanda mara mamilioni. Walituzwa Nobeli ya Kemia mwaka wa 2000.

Mara nyingi polima moja haitoshi, na hapo ndipo mseto unapoingia. Neno hili tulilijua jikoni kabla ya kulisikia Ikulu mwaka wa 2008, na wazo ni lile lile: huyu ana nguvu, yule ananyumbuka, basi na wakae chungu kimoja. Tatizo nalo ni lile lile. Polima nyingi zikichanganywa hujitenga kama mafuta na maji. Polivinili alkoholi na kitosani, itokanayo na magamba ya kamba na kaa, huelewana kwa kuwa haidrojeni za moja huvutwa na oksijeni au naitrojeni za nyingine.

Kisha hutiwa chembe za nano. Nanomita moja ni mita moja igawanywe kwa bilioni; upana wa unywele ni takriban nanomita 80,000. Udogo huu una faida gani? Chukua mchemraba wa sentimita moja kila upande. Eneo la nje ni sentimita mraba 6. Ukate uwe michemraba ya nanomita moja moja, na eneo hilo litafika mita mraba 6,000, karibu uwanja mzima wa kandanda! Kote huko polima hupata pa kushika.

Hili si jambo geni kwa yeyote aliyewahi kuvaa akala. Mpira utokao mtini ni mweupe. Weusi wa tairi ni masizi ya kaboni, ambayo chembe zake nyingi hupimwa kwa makumi ya nanomita. Bila masizi hayo tairi ingelika upesi sana.

Katika utando wa kielektroniki, chembe huongeza nguvu na kufanya zaidi ya hapo. Titani dioksidi, ile ile inayoipa rangi ya ukuta weupe wake, huuwezesha utando kuhifadhi chaji nyingi zaidi, sifa inayotakiwa katika kapasita. Zinki oksidi huzuia miale ya urujuanimno. Ila usizidishe. Asilimia chache tu hutosha. Ukizidisha, chembe hushikana zikawa madonge kama ya uji uliokorogwa vibaya, na utando hupasukia papo hapo penye donge.

Nawasihi pia wanaotafsiri matangazo ya simu watofautishe vitenzi. Kupinda si kukunja, na kukunja si kunyumbua. Utando unaostahimili kupindwa mara elfu huenda ukapasuka ukikunjwa mara moja, na mnunuzi aliyeahidiwa 'inakunjika' ndiye atakayekula hasara.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni taka. Tulipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017, na plastiki ya aina moja angalau huyeyushwa ikatumika tena. Mseto huu hautenganishiki kirahisi. Kitosani huoza, titani dioksidi iliyomo haiozi, nayo hubaki udongoni au ikafuata maji. Watafiti wengi hupima utando ukiwa mpya, wakaandika unavyopinda na unavyohifadhi chaji. Vipimo vya utando huo huo ukiwa jaani ni vichache mno.