Kwa nini emisyo ya asubuhi haikuanza yenyewe?

Juma lililopita, saa kumi na mbili ya asubuhi, redio yetu ilinyamaza. Tangazo la chanjo likapita bila kusikika, na wamama wakatuuliza: kuna nini?

Wakati hakuna mtu studio, emisyo zinaanzishwa na mashini ya Linux. Ndani yake kuna programu inaitwa cron: kila dakika inatazama saa, inalinganisha na orodha ya kazi. Saa ikipita mashini ikiwa imezimika, cron hairudilie ile kazi.

Usiku ule umeme ulikatika. Ulipowaka tena, mashini ilikuwa na saa ya uongo, sababu batri ndogo inayolinda saa ilikuwa imekufa. Cron haikukosea, ilifuata saa mbaya.

Wenye kuchunga mashini kama hii, muangalie hivi:

Kwanza saa: muandike date. Huku mashariki tuko saa moja mbele ya Kinshasa. Mashini yenye kufuata saa ya Kinshasa itachelewa saa nzima.

Pili, cron yenyewe iko hai? systemctl status cron itawaambia.

Tatu, orodha ingaliko? crontab -l inaionyesha.

Ine, diski imejaa? Muandike df -h.

Mwisho, kazi ikitembea kwa mkono lakini cron inaikosa, muandike njia nzima ya programu, sababu cron inajua njia chache tu.

Sisi tulibadilisha batri. Tangazo la chanjo tumelirudilia mara tatu.