Mkono wa kushoto na mgogoro wa sifuri

Kinundu chenyewe ni kidogo mno. Kimejificha ndani ya boksi jeusi la plastiki, katikati ya njia ambayo wenzo wa throto, kidhibiti cha kasi cha magemu ya kompyuta, hupita ukisukumwa mbele au kuvutwa nyuma. Hukioni kwa macho, ila kiganja kinakisikia: tak, kwenda; tak, kurudi. Kiwanda kimekiweka makusudi. Lakini juu ya meza ya fundi mmoja wa Sinza, Dar es Salaam, boksi lilikuwa wazi, skrubu zimepangwa kwenye kifuniko cha chupa, naye anakisugua taratibu kwa msasa. Mwenye boksi amelipa ili kinundu kiondoke.

Pembeni palikuwa na boksi jingine la kampuni ileile. Throto hiyo ilitoka kiwandani laini mwanzo hadi mwisho, na mwenyewe amelipa ili awekewe kinundu.

Mimi nilikuwa nimepeleka redio ya gari. Redio ilipona siku hiyohiyo. Habari ya vinundu ndiyo iliyonirudisha.

Mchana fundi huyu hutengeneza redio, spika na pedi za gemu. Usiku ni rubani wa chombo cha mizigo katika Elite Dangerous, gemu la anga za juu lililotolewa mwaka 2014 na Frontier Developments ya Cambridge, Uingereza. Hakutaka jina lake litoke gazetini; alisema wenye spika wakijua anavyokesha, watadhani kazi zao zinafanywa na mtu anayesinzia. Nilipomuuliza ni nani kati ya wateja wale wawili amepotea, alicheka.

“Hakuna aliyepotea, kaka. Wote wanatafuta sifuri. Kila mmoja ana namna yake ya kuitafuta.”

Tatizo, kwa maelezo yake, ni la urithi. Throto imeazimwa kwenye ndege, pamoja na mtindo mzima wa kushika nguvu za injini kwa mkono wa kushoto na joistiki kwa wa kulia, bila kuachia chochote. Wachezaji wanauita HOTAS. Kwenye ndege sifuri haina utata: iko mwisho wa nyuma, injini ikinguruma polepole, na hakuna rubani anayerudi kinyumenyume angani. Chombo cha anga za juu kinarudi. Basi sifuri inabidi ihame, na ikishahama, wenzo mzima unabadilika maana.

Setingi za Elite Dangerous zinatoa njia mbili. Ya kwanza inagawa njia ya wenzo mafungu mawili: katikati ni kusimama, mbele ni kwenda, nyuma ni kurudi. Ya pili inaiacha sifuri mwisho wa nyuma kama kwenye ndege. Njia yote inakuwa ya kwenda mbele, na ukitaka kurudi unabonyeza kitufe kinachogeuza mwelekeo.

Hapo fundi alichukua penseli akanichorea mstari. Kipimo cha kasi cha gemu hilo kina eneo la bluu, katikati ya kasi ya kwenda mbele, ambapo chombo hugeuka upesi kuliko kwenye kasi nyingine yoyote. Anayepigana anaishi humo. Ukichagua njia ya kwanza, eneo la bluu linaangukia kwenye robo tatu ya safari ya wenzo, na kinundu cha katikati kinakuwa alama ya kusimama. Ukichagua ya pili, eneo la bluu linakuja katikati, na kinundu kilekile kinakuwa alama ya kugeuka vizuri. Plastiki haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mstari mmoja kwenye setingi.

Kwa nini basi mtu alipe kukiondoa? Kwa sababu ya kutia nanga. Tangu Elite ya kwanza ya mwaka 1984, iliyoandikwa na David Braben na Ian Bell kwa ajili ya kompyuta ya BBC Micro, vituo vingi vya gemu hilo vinazunguka na milango yake ni myembamba. Leo karibu na kituo kuna kikomo cha mita 100 kwa sekunde, na ukishaingia unatakiwa kujongea hadi juu ya jukwaa lako. Mteja wa msasa ni mfanyabiashara. Anatua kwa mkono, hataki kompyuta imtulie. “Kinundu kinaung’ang’ania wenzo,” alieleza fundi. “Unataka mita mbili kwa sekunde. Unasukuma kidogo, unagoma. Unaongeza nguvu, unachomoka, tayari umelipita jukwaa.”

Mteja wa pili ni mpiganaji. Macho yake yako kwa adui, hayana nafasi ya kushuka kwenye kipimo, na anataka kiganja kimwambie kwamba amesimama. Fundi amemchongea kinundu kutoka kwenye ganda la pedi iliyokufa.

Nikauliza kama si rahisi wabadilishane maboksi, mambo yakaisha. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini majirani wawili wasibadilishane wake. Boksi la msasa ni la familia ya T.Flight ya Thrustmaster, ya bei ya chini. La pili ni TWCS, ambayo wenzo wake unateleza juu ya reli badala ya kuzunguka kwenye ekseli, na lina kijoistiki kidogo kinachofikiwa kwa kidole bila kuachia wenzo. Chombo cha anga za juu hakiendi mbele na nyuma tu. Kinapanda, kinashuka, kinasogea kushoto na kulia. Kijoistiki kile ndicho kinachobeba kazi hiyo, na aliyekizoea haachani nacho.

Kwa hiyo anayemwendea fundi kutaka ushauri wa kununua haanzi kuulizwa fedha. Anaulizwa anafanya nini humo ndani: anabeba mizigo, anapigana, au anazurura kati ya nyota? HOTAS Warthog, iliyotoka mwaka 2010 kwa kuiga vishikio vya ndege ya kivita A-10C, fundi anaisifu kwa chuma chake na nyenzo zake mbili. Kisha anatikisa kichwa: umelipia kituo maalumu cha kuzimia injini ambacho chombo chako hakikihitaji.

Swali la pili ni la meza. Boksi jepesi likivutwa nyuma linakuja lote, na mkono unaanza kucheza kwa woga. Yeye hulifunga kwa skrubu kwenye ubao, ubao kwenye meza, kiwiko kikiwa usawa wa wenzo. Anasisitiza hili kuliko chapa yoyote.

Kisha inakuja setingi, na hapa fundi wa redio anamzidi mchezaji. Ndani ya throto nyingi za bei nafuu kuna potensiometa, kitu kilekile kinachopandisha na kushusha sauti kwenye redio ya zamani. Ikichakaa au ikiingia vumbi, namba zinarukaruka hata usipogusa. Ndani ya gemu, chombo ulichokisimamisha kinaanza kujongea chenyewe. Wengi hukimbilia dedizoni, yaani kuiambia kompyuta ipuuze mitikisiko midogo karibu na sifuri. Fundi hukataa kuanzia hapo.

“Dedizoni ni dawa ya maumivu, si tiba. Safisha kwanza. Halafu weka ndogo kabisa inayotosha.”

Alinionyesha kwenye kioo. Kabla ya kupuliza dawa ya kusafishia migusano ya umeme, alama ya throto ilitetemeka kama mshumaa penye upepo. Alisukuma wenzo mwisho hadi mwisho mara kadhaa, akaacha dawa ikauke, akafanya kalibresheni upya. Alama ikatulia. Vifaa vya bei kubwa hukwepa ugonjwa huu kwa kutumia sumaku na sensa ya Hall, inayotokana na ugunduzi wa Edwin Hall wa mwaka 1879. Hakuna kinachosuguana, basi hakuna kinacholika.

Lakini kuna jambo ambalo hata sumaku hailitatui. Katika anga za juu hakuna hewa ya kukupunguzia kasi. Injini ikiwaka, kasi inaendelea kupanda. Ikizimwa, unaendelea kwenda. Wenzo unaobaki mahali ulipouacha na kushikilia kasi moja ni kazi ya kompyuta ya chombo, na ukiuzima msaada huo ndani ya gemu, mkono wa kushoto hauamui tena kasi, unaamua msukumo. Chombo cha Apollo 11 kilichotua mwezini Julai 20, 1969 kilikuwa na kishikio cha kushoto cha kukisogeza na cha kulia cha kukizungusha. Injini yake ya kushukia ilirekebishwa kati ya takriban asilimia 10 na 60, kisha ikaruka karibu na nguvu kamili, kwa sababu kukaa kati ya hapo kungekula bomba lake. Throto halisi ya mwezini nayo ilikuwa na mahali ambapo mkono haukutakiwa kukaa.

Ndiyo maana baadhi ya wachezaji wameitupa throto kabisa. Wanashika joistiki mbili, na ya kushoto ina springi inayoirudisha katikati yenyewe. Sifuri inajitafuta. Fundi amejaribu na hajaamua: safari ndefu inamtaka asukume muda wote, au akariri vitufe vipya. Na kama kinundu ni suala la mkono wa mtu, kwa nini throto zenye vinundu vya kubadilisha, kama zile za kampuni ya Virpil, zibaki kwenye bei ambayo wateja wa fundi hawaigusi?

Hilo hakulijibu. Nilipomuuliza ninunue ipi, alinikatalia. “Cheza kwanza na pedi. Kila unapolazimika kutazama kipimo cha kasi, andika ulikuwa unafanya nini. Ukiniletea karatasi hiyo, nitakwambia.”