Mchezaji Anajua Panapouma

Kabla ya gemu ya World of Warcraft kuingia sokoni mwishoni mwa 2004, kampuni ya Blizzard iliwapa baadhi ya wachezaji toleo la majaribio lenye kanuni moja iliyowaudhi sana. Aliyecheza kwa saa nyingi mfululizo alihesabiwa kuwa amechoka, na pointi za uzoefu alizopata kwa kila adui zikashuka hadi nusu. Nia ilikuwa njema: mtu aondoke mbele ya kompyuta, ale, alale. Wachezaji waliona wanaadhibiwa kwa kosa la kuipenda gemu. Kwa maelezo ya Rob Pardo, mmoja wa wasanifu wake wakuu, kanuni yenyewe haikufutwa. Ile nusu ilipewa jina la kiwango cha kawaida, asilimia 100, na kile kilichokuwa cha kawaida kikaitwa ziada ya aliyepumzika, asilimia 200, huku pointi za kupanda ngazi zikirekebishwa ziendane na majina mapya. Kasi ya mchezaji kupanda ngazi ilibaki palepale. Malalamiko yalikoma, na watu wakaanza kuisifu kanuni ileile waliyoilaani.

Wapo wanaolisoma tukio hili kwa dharau, wakihitimisha kwamba maoni ya wachezaji hayana uzito kwa kuwa hubadilika maneno yakibadilika. Nadhani wanakosea. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba binadamu huumizwa na hasara kuliko anavyofurahishwa na faida ya kiasi hichohicho, na kwamba hasara au faida hupimwa kuanzia pale mtu anapodhani ndipo alipo. Wachezaji wa Blizzard walisogezewa mahali pa kuanzia kupimia. Maumivu yao ya kwanza yalikuwa ya kweli, na furaha yao ya baadaye ilikuwa ya kweli pia. Kilichokuwa na kasoro ni maelezo yao ya chanzo, kwamba pointi ni chache mno. Ndiyo sababu kila maoni kuhusu gemu yanapaswa kusomwa kama vitu viwili vilivyofungwa pamoja: taarifa ya hisia, ambayo mara nyingi ni sahihi, na maelezo ya sababu, ambayo mara nyingi si sahihi. Daktari humsikiliza mgonjwa kwa namna hiyohiyo. Anayeumwa ndiye shahidi pekee wa mahali panapouma, lakini hilo halimfanyi ajue ni kiungo gani kilichoharibika.

Hakuna eneo linaloonyesha jambo hili waziwazi kama bahati. Katika gemu za vita vya mbinu, kama XCOM: Enemy Unknown ya mwaka 2012, skrini humwambia mchezaji kabla hajafyatua kwamba ana, tuseme, asilimia 95 ya kupata shabaha. Risasi ikikosa, huona ametapeliwa, na lawama dhidi ya XCOM za aina hii ni nyingi mno. Hebu tupige hesabu. Mtu akifyatua risasi 20, kila moja ikiwa na uwezekano wa asilimia 95, uwezekano wa kukosa angalau mara moja ni karibu asilimia 64. Katika vita vya jioni moja, kukosa ndilo jambo la kutarajiwa. Isitoshe, msanifu wa gemu hiyo, Jake Solomon, ameeleza hadharani kwamba katika viwango vyepesi kompyuta humwongezea mchezaji bahati kuliko namba inavyosema. Kwa hiyo yupo anayelalamika kuonewa na mashine ambayo kwa kweli inampendelea.

Wajapani waliotengeneza gemu za vita za Fire Emblem walilijua hili mapema. Kuanzia toleo lao la 2002 kwenye Game Boy Advance, kompyuta ilichagua namba mbili za nasibu badala ya moja, ikatafuta wastani wake, na kuulinganisha na asilimia iliyo kwenye skrini. Matokeo yake, 90 iliyoandikwa ilikuwa karibu 98 halisi, na 10 ilikuwa karibu 2. Skrini ilisema uongo, na wachezaji wengi wakaona gemu ni ya haki. Naye Sid Meier, baba wa gemu za Civilization, alilisimulia jambo la aina hiyo katika hotuba yake mjini San Francisco mwaka 2010. Waliojaribu Civilization Revolution walikasirika waliposhindwa vita ambavyo nguvu zao zilikuwa tatu kwa moja, ilhali hawakuona ajabu yoyote waliposhinda adui mwenye nguvu tatu kwa moja dhidi yao. Meier na wenzake waliibadilisha hesabu ifuate hisia. Wapo wanaoona huo ni ulaghai. Mimi naona wasanifu hao walitenganisha vizuri malalamiko na utambuzi wa chanzo. Mchezaji aliyesema hesabu ni mbovu alikuwa amekosea, ila kulikuwa na kitu kibovu kweli: pengo kati ya namba kwenye skrini na jinsi ubongo unavyozielewa namba.

Muda nao una mambo yake, na hapa tunatoka kwenye akili tunaingia kwenye mwili na waya. Sifa inayotolewa mara nyingi kwa gemu ya kurukaruka kama Celeste, ya mwaka 2018, ni kwamba mkononi ni nyepesi na haikuonei. Ukiichungulia programu yake unaona upendeleo uliofichwa: mhusika akishatoka ukingoni, bado anaruhusiwa kuruka kwa sekunde 0.1, kana kwamba ana ardhi chini ya miguu. Kwa picha 60 kwa sekunde, hizo ni fremu sita. Jicho halioni, kidole ndicho kinachofaidika, maana mtu anayetaka kuruka kutoka ukingoni kabisa huchelewa kidogo, na picha anayoitazama nayo imechelewa kidogo kumfikia. Ukiuondoa upendeleo huo hutasikia mtu akidai fremu sita zake. Utasikia kwamba kitufe hakikubali.

Malalamiko hayohayo yamejaa katika vibanda vya PlayStation, Dar es Salaam kama ilivyo Nairobi. Mchezaji aliyepiga shuti likachelewa huinyooshea kidole pedi, nayo hubadilishwa, na pengine kweli ni mbovu. Lakini runinga nyingi za kisasa huichakata picha kabla ya kuionyesha, zikilainisha mwendo na kukoleza rangi, na kazi hiyo inaweza kula makumi ya milisekunde. Kwenye orodha ya mipangilio huwa kuna hali maalumu ya gemu inayouzima uchakataji huo. Diski ileile, mashine ileile na pedi ileile zinaweza kuleta gemu mbili tofauti kwa sababu ya runinga, kifaa ambacho hakuna anayekishuku kwa kuwa hakiguswi na mchezaji.

Kumbukumbu nayo hupotosha kwa njia yake. Kahneman na wenzake walichapisha mwaka 1993 jaribio ambamo watu walitia mkono katika maji ya nyuzi 14 kwa sekunde 60, kisha mara nyingine kwa sekunde 60 hizohizo pamoja na 30 zaidi ambazo maji yalipashwa moto taratibu hadi nyuzi 15. Walipoulizwa ni lipi warudie, wengi walichagua lile refu, lenye mateso zaidi kwa jumla, kwa kuwa mwisho wake ulikuwa na nafuu. Gemu ya Mass Effect 3 ilipotoka Machi 2012 ilipitia mkondo huo kwa upande wa pili. Watu waliokuwa wameishi na wahusika wake kwa makumi ya saa waliichukia kwa ajili ya dakika zake za mwisho, hata BioWare, watengenezaji wake, ikatoa nyongeza ya bure mwezi Juni mwaka huohuo kuurefusha na kuufafanua mwisho huo. Hukumu yao ilikuwa halali kama hukumu ya hadithi, kwa maana hadithi huhukumiwa kwa mwisho wake. Kama taarifa ya jinsi saa zile nyingi zilivyopita, haikufaa.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba wachezaji, mara kadhaa, wamekijua chanzo kuliko watengenezaji. Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mwenye gemu hailalii kwa saa nyingi kama mteja wake. Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020, waliokuwa na PlayStation 4 walisema gemu haijakamilika. Walikuwa sahihi kabisa, na siku chache baadaye Sony iliiondoa kwenye duka lake hadi Juni 2021. Mfano wa gemu ya GTA Online unapendeza zaidi. Kwa miaka mingi tangu 2015, watu walilalamika kwamba kwenye kompyuta zao inachukua dakika nyingi kufunguka, na maelezo yaliyozoeleka yalikuwa kompyuta dhaifu, intaneti mbovu au seva zilizozidiwa. Mwanzoni mwa 2021 mchezaji mmoja aliifungua programu yenyewe na kupima ni wapi muda unakwenda. Alikuta orodha ya bidhaa zinazouzwa ndani ya gemu, faili ya takriban megabaiti 10 yenye vitu kama 63,000. Kila mara programu iliposoma kitu kimoja, ilihesabu upya urefu wa maandishi yote yaliyosalia. Kisha, kabla ya kukihifadhi kitu hicho, ilikilinganisha na vyote vilivyotangulia, kimoja baada ya kingine, jumla yake ikawa karibu ulinganisho bilioni mbili ambao haukuhitajika. Aliirekebisha, na kwenye mashine yake dakika sita zikawa chini ya mbili. Rockstar, kampuni yenye gemu hiyo, ilimshukuru, ikamlipa dola 10,000 na kutoa marekebisho mwezi Machi.

Nimeurefusha mfano huu kwa sababu unanipinga na kuniunga mkono papo hapo. Unanipinga kwa kuwa mtu wa nje aliona kilichowapita wenye gemu. Unaniunga mkono kwa kuwa hakukiona kwa kucheza. Maelfu walicheza, wakasubiri, na kila mmoja akawa na nadharia yake. Aliyepata jibu ni yule aliyeacha kubahatisha akachukua kipimo. Hata hivyo, pasipo kelele za wale maelfu pasingekuwa na sababu ya mtu yeyote kupima. Kampuni inayopuuza malalamiko kwa kisingizio kwamba wachezaji hawajui ufundi inatupa ushahidi bora iliyonao.

Ndivyo ninavyoutazama pia ubishi usiokwisha kuhusu gemu ya soka ya FIFA, inayoitwa EA Sports FC tangu 2023. Wapenzi wake wengi, hapa kwetu na kwingineko, wanaamini kwamba mechi hupangwa: ukiongoza mabao mawili, mabeki wako huwa wazito na bao la dakika ya 90 linakuja. Dhana hiyo haikuzuka hewani. Watafiti wa EA, kampuni inayoitengeneza, walichapisha mwaka 2017 utafiti kuhusu kubadilisha ugumu wa gemu ili mtu aendelee kucheza, na kampuni ina hataza katika eneo hilo. Imekana kwamba inautumia mfumo huo kwenye FIFA. Kesi iliyofunguliwa California mwishoni mwa 2020 iliondolewa na walalamikaji wenyewe mwaka uliofuata, baada ya kuonyeshwa taarifa za kiufundi na kuzungumza na wahandisi. Kwangu ushahidi huo unatosha kuiweka dhana pembeni. Bao la dakika ya 90 hukaa kichwani, mechi ishirini zilizokwisha kimya husahaulika, na uchovu wa mabeki umo ndani ya gemu kihalali. Lakini siwalaumu wenye shaka. Resident Evil 4 ya mwaka 2005 hurekebisha ugumu wake kimyakimya kulingana na uwezo wa mchezaji, na ni miongoni mwa gemu zinazosifiwa kuliko zote kwa mizani yake. Tofauti ni fedha: pale unapouziwa pakiti zenye wanasoka wa kubahatisha, mkono uliofichika hauwezi kuonekana kuwa wa kirafiki. Kampuni inayouza bahati inawajibika kufungua hesabu zake, na EA ilipoanza kutangaza uwezekano wa pakiti zake kwenye FIFA 19 ilipiga hatua iliyopaswa kupigwa mapema.

Kuna hasara moja inayotuhusu moja kwa moja kila maoni yanapochanganywa na kufanywa alama moja. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi seva iliyoko Frankfurt ni kama kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 70, zaidi ya fremu nne, hata kama kila mtambo njiani ungekuwa mkamilifu. Na kebo hazinyooki. Zinazunguka kupitia Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu. Ipo mbinu ya kulipunguza tatizo, aliyoiunda Tony Cannon baada ya kuchukizwa na jinsi Street Fighter II ilivyochezeka mtandaoni mwaka 2006: kompyuta hubashiri kitakachobonyezwa na mpinzani, na ikikosea hurudi nyuma fremu chache kusahihisha. Inafaa sana kwa watu wawili wanaopigana, na ni ngumu zaidi kwa gemu yenye wachezaji mia. Basi mchezaji wa Mombasa akiandika kwamba gemu ni nzito, na wa Frankfurt akiandika kwamba ni nyepesi, wote wawili wamesema kweli kuhusu vitu viwili tofauti. Wastani wao hauwaelezi wote wawili. Na kwa kuwa wa Frankfurt na majirani zake ni wengi zaidi, kauli ya Mombasa humezwa ndani ya alama ya jumla. Maduka ya gemu tayari hupanga maoni kwa lugha na kwa tarehe. Yakiyapanga pia kwa umbali wa mwandishi kutoka kwenye seva, mnunuzi wa Afrika Mashariki atajua anachonunua kabla hajalipa, na mhandisi atajua kwamba lawama za Mombasa anapaswa kuanza kuzichunguza kwenye waya.