Michezo ya Wanyama na Chakula Chetu

Bila shaka umepata kumwona mwana-mbuzi wa siku chache. Ameshiba maziwa, wala hakuna fisi anayemfukuza. Lakini ghafula huruka kwa miguu yote minne, hujipinda hewani, hupanda mgongoni mwa mama yake, huteremka, kisha hupanda tena. Anatafuta nini? Hapati chakula kwa kufanya hivyo, tena pengine hujiumiza. Mtoto yeyote achungaye mbuzi atakuambia kwamba anacheza. Wataalamu walichukua muda mrefu kulikubali jibu hilo, kwa kuwa waliogopa kusema kwamba mnyama aweza kufurahi.

Huko Marekani, katika miaka ya 1990, mtaalamu mmoja jina lake Jaak Panksepp alianza kuwatekenya panya kwa vidole. Walitoa sauti nyembamba mno, ya mitikisiko kama 50,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu halipiti mitikisiko 20,000, basi ilimpasa kutumia chombo cha kuishusha sauti ile. Ndiyo sauti watoayo panya wanapocheza wao kwa wao. Na panya aliyekwisha kutekenywa huukimbilia mkono ule ule atekenywe tena.

Mwaka 2019, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Humboldt, mjini Berlin, waliwafundisha panya mchezo wa kujificha na kutafutana na mtu. Malipo yao hayakuwa chakula, bali kutekenywa tu. Panya akitafuta alipiga kelele zake. Akijificha alinyamaza karibu kabisa, kama afanyavyo mtoto nyuma ya mlango. Na mara nyingi, alipogunduliwa, alikimbia akajificha upya, ingawa kwa kufanya hivyo aliyachelewesha malipo yake.

Sasa, jambo hili lahusu nini chungu cha jikoni? Wengi husema: mnyama akichinjwa upesi, kwa kisu kikali, hakuna ubaya. Hoja hiyo ni ya kuheshimiwa, maana imepunguza ukatili mwingi. Lakini inahesabu maumivu peke yake. Ikiwa mnyama ana furaha, basi kifo humnyang'anya siku zake za furaha, hata kisu kiwe kikali namna gani.

Mawazo ya namna hii yamewafanya watu wengine waache kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama. Watu hao huitwa vegani. Jina hilo lilitokea Uingereza mwaka 1944, Donald Watson na wenzake walipoanzisha chama chao. Watson alikuwa ameacha nyama tangu utoto wake, baada ya kuona nguruwe akichinjwa katika shamba la mjomba wake.

Utauliza, maziwa je? Ng'ombe hafi kwa kukamuliwa. Ni kweli, lakini hana maziwa asipozaa. Katika mashamba makubwa ya Ulaya na Marekani, ndama huondolewa kwa mama yake, mara nyingi siku ile ile ya kwanza, kabla hajapata nafasi ya kurukaruka kando yake. Ndama dume hatatoa maziwa kamwe, basi mwisho wake ni nyama. Vifaranga dume wa kuku wa mayai huuawa mara wanapoanguliwa; Ujerumani ilikataza jambo hilo tangu mwaka 2022.

Anayetaka kufuata njia hii asiifuate kwa pupa. Maharage, kunde, choroko na karanga zitamjenga mwili vizuri. Lakini vitamini B12 haipatikani katika mimea. Sharti ameze vidonge au ale vyakula vilivyotiwa vitamini hiyo. Akiipuuza, damu hupungua na mishipa ya fahamu huharibika. Na mfugaji wa nchi kame, ambako hata mtama hauoti, mimi simwambii aache maziwa ya ngamia wake. Nasema na wewe ambaye kunde zinauzwa karibu na mlango wako.

Ninyi mlio katika vikundi vya kusikiliza, jadilianeni swali hili: kuna tofauti gani kati ya kumwepusha mnyama na maumivu na kumwachia maisha yake? Kisha mmoja wenu amtazame ndama jioni anapofunguliwa, aandike yote ayafanyayo kwa robo saa. Juma lijalo tutazisoma barua zenu.