Risasi Kumi kwa Bunduki ya Risasi Nane

Bunduki ya M1 Garand, silaha ya askari wa miguu wa Marekani katika Vita Vikuu vya Pili, hupakiwa risasi nane kwa mkupuo. Zoezi la kupiga haraka katika mashindano ya bunduki za zamani lina risasi kumi. Mlengaji hutatua hesabu hiyo hivi: amri ikitoka, anaingiza klipu yenye risasi mbili tu na kuzipiga. Ya pili ikishatoka, klipu tupu inachomoka yenyewe na kuruka juu kwa mlio mkali wa chuma, na bunduki inabaki imeachama. Hapo anachukua klipu iliyojaa risasi nane, anaikandamiza chini kwa kidole gumba, kisha anakitoa kidole upesi kabla bolti, komeo la chuma la bunduki, haijafyatuka kwenda mbele. Aliyechelewa utamjua kwa ukucha mweusi. Zoezi lote limepewa sekunde 80.

Mashindano haya yamezoeleka sana katika vilabu vidogo vya shabaha vya Marekani. Hayana zawadi kubwa wala wafadhili wa kutisha. Wanaokuja ni fundi magari, mwalimu mstaafu, binti na baba yake, kila mmoja na bunduki iliyotengenezwa kabla hajazaliwa. Chimbuko lake ni la kiserikali. Mwaka 1903 Bunge la Marekani liliridhia kuundwa kwa bodi ya taifa ya kuhimiza raia wajifunze kulenga, kwa hoja kwamba kijana anayeijua bunduki tangu nyumbani hatalisumbua jeshi siku ya vita ikifika. Mwaka 1996 kazi ya bodi hiyo ilihamishiwa shirika lisilo la faida, linalosimamia Civilian Marksmanship Program, au CMP kwa kifupi. CMP huuza Garand zilizotoka jeshini, zikiwemo zile zilizowahi kukopeshwa Ugiriki, Denmark na Ufilipino na baadaye kurudishwa. Anayetaka kununua hutakiwa, pamoja na masharti mengine, kuwa mwanachama wa klabu iliyosajiliwa nayo. Kwa hiyo vilabu vina sababu ya kuishi, na bunduki zinaangukia mikononi mwa watu wanaozipiga badala ya kuzitundika ukutani.

Kilele cha mashindano haya ni Camp Perry, jimboni Ohio, kando ya Ziwa Erie, ambako mashindano ya kitaifa yamekuwa yakifanyika tangu 1907. Shindano la Garand lilianza huko 1998 na limepewa jina la John C. Garand, mhandisi mzaliwa wa Quebec aliyeibuni bunduki hiyo katika karakana ya jeshi ya Springfield, Massachusetts. Jeshi liliipokea rasmi mwaka 1936.

Utaratibu wake si mgumu kuuelewa. Umbali ni yadi 200, yaani mita 183. Mlengaji anapewa risasi tano za majaribio, kisha thelathini za kuhesabiwa: kumi za taratibu akiwa amelala kifudifudi, kumi za haraka akiwa amelala vilevile, na kumi za mwisho akiwa amesimama wima, bila kuegemea chochote, katika muda wa dakika kumi. Kila risasi ina pointi kumi kwa juu kabisa, hivyo jumla ni 300. Klabu isiyo na uwanja mrefu hupiga yadi 100 kwa karatasi ya shabaha iliyopunguzwa kwa uwiano. Medali za shaba, fedha na dhahabu hutolewa kwa kila aliyefikisha kiwango kilichowekwa, si kwa watatu wa kwanza peke yao. Nadhani hapo ndipo urafiki wa michezo hii unapotoka: jirani yako akipiga vizuri hakupunguzii kitu, kwa hiyo hana sababu ya kukuficha alichogundua kuhusu upepo.

Duara la pointi kumi lina kipenyo cha inchi saba, karibu sentimita 18. Kwa mtu aliyezoea bunduki za kisasa zenye darubini, duara hilo ni pana mno. Lakini Garand ya kawaida iliyotoka ghalani, hata ukiifunga kwenye mashine isitikisike, itatawanya risasi zake katika eneo linalokaribia upana huohuo kwa umbali ule. Maana yake bunduki yenyewe imekwishakula nafasi karibu yote, na mlengaji hakubakiziwa ya kukosea. Nimewasikia watu wakisema bunduki kongwe ni mchezo wa wazee wasioweza kushindana na vijana. Wanaosema hivyo wapige hesabu kidogo. Kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele cha Garand kuna sentimita 71 hivi. Kilengeo cha mbele kikisogea milimita moja tu kutoka mahali pake, risasi itakwenda kando sentimita 26 ikifika kwenye karatasi. Duara jeusi zima, lile unalolenga, lina kipenyo cha sentimita 33. Umekwishatoka nje ya weusi, kwa milimita moja.

Ndiyo sababu makocha humrudishia mgeni agizo lilelile mchana kutwa: tazama kilengeo cha mbele. Jicho haliwezi kuona sawasawa vitu viwili vilivyo mbali na karibu kwa wakati mmoja, na silika inavutwa kwenye karatasi kule mbali. Mlengaji mzuri anaiacha karatasi iwe ukungu, na kilengeo kibaki na kingo kali. Kisha anabana kifyatulio taratibu. Kanuni zinataka kifyatulio cha Garand kisilegezwe chini ya uzito wa ratili nne na nusu, kama kilo mbili, na kuzivuta kilo mbili kwa kidole kimoja bila kuitikisa bunduki yenye zaidi ya kilo nne, ukiwa umesimama na moyo unakudunda, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Anayelala hushikiliwa na ardhi na mkanda wa bunduki. Anayesimama hana wa kumshikilia. Mashindano haya huamuliwa mtu akiwa wima.

Kanuni mama ni kwamba bunduki ibaki kama jeshi lilivyoitoa. Hakuna darubini, hakuna kumimina gundi ngumu kati ya chuma na mti ili bunduki isicheze, hakuna kilengeo cha dukani. Mwenye fedha hana pengo kubwa la kumwacha asiye nazo.

Garand haiko peke yake. Kuna kundi la Springfield ya 1903, bunduki ambayo Wamarekani waliiga kwa Mjerumani Mauser kiasi cha kulazimika kumlipa, na kuna kundi la bunduki za bolti za mataifa mengine. Hapo kila taifa huja na tabia yake. Mauser ya Uswidi ya mwaka 1896 ina kilengeo kinachoanzia mita 300. Kwa umbali mfupi hupiga juu, na mwenyewe hulazimika kulenga chini ya duara jeusi, kwenye weupe mtupu, na kuamini. Katika kitako chake kuna kisahani cha shaba ambamo fundi wa jeshi aliweka alama ya hali ya mtutu. K31 ya Uswisi haizungushwi bolti: unavuta nyuma moja kwa moja, unasukuma mbele, basi. Ukifungua bamba la chuma la kitakoni, mara nyingine unakuta kikaratasi chenye jina la askari aliyepewa bunduki hiyo, kijiji chake na kikosi chake. Waswisi wenyewe bado wanairuhusu katika Feldschiessen, tamasha lao la kila mwaka la kulenga kwa mita 300, risasi 18 kwa pointi 72, pembeni ya bunduki za jeshi la leo.

Kisha kuna Lee-Enfield, na hii tunaijua. Askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliibeba, na ilikuwa mikononi mwao walipopelekwa kupigana Burma. Polisi na askari wa akiba wa Kenya waliendelea nayo miaka mingi baada ya uhuru, na jina la Mark Four, mojawapo ya aina zake, halijafutika midomoni mwa wazee. Isichanganywe na gobore la mwindaji wa kijijini. Gobore hushindiliwa baruti mdomoni, na Lee-Enfield ina magazini ya risasi kumi. Kabla ya 1914 askari wa Uingereza alifundishwa kupiga risasi 15 za kulenga kwa dakika moja kwa bolti ya mkono, na mtu akiishika bunduki hii anaelewa ilivyowezekana: bolti ni laini, inakwenda safari fupi, na mpini wake umekaa jirani kabisa na kidole cha kufyatulia. Udhaifu wake uko kwenye risasi. Ganda la .303 lina ukingo uliotokeza kitakoni. Ukizipanga vibaya, ukingo wa risasi ya juu ukakaa nyuma ya ukingo wa risasi ya chini, bolti ikiisukuma ya juu itaikokota na ya chini, na bunduki itakwama katikati ya zile sekunde 80. Mzoefu huipapasa kila klipu kwa dole kabla hajaenda mstarini.

Kuna vilabu vinavyorudi nyuma zaidi, hadi zama za baruti nyeusi. Kwetu baruti hiyo ina historia chungu: vita vilipoanza 1914, askari wengi wa Mjerumani katika Tanzania Bara ya leo walikuwa na bunduki ya muundo wa 1871, ya milimita 11, ambayo kila mlio wake ulitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui pa kulenga. Ushindi wa Tanga mwezi Novemba mwaka huo uliwapatia mamia ya bunduki za Waingereza zisizofuka hivyo. Mlengaji wa Jumapili anayengoja moshi upungue ndipo aone karatasi yake anacheka. Askari wa Tanga hakuwa na nafasi ya kucheka, na sidhani kama ni vibaya kulikumbuka hilo mtu anapoisifu bunduki kwa uzuri wa mti wake.

Sasa hatari, kwa kuwa chuma cha miaka themanini au mia si cha kuaminiwa kwa sura. Springfield za 1903 zilizotoka karakana ya Springfield zikiwa na namba iliyo chini ya 800,000 zina sifa mbaya, na CMP inashauri zisipigwe kabisa. Mafundi wa wakati ule walipima joto la chuma kwa macho, kwa kuangalia rangi ya wekundu wake. Siku ya jua kali chuma kilionekana hakijaiva, wakakizidishia moto, kikatoka kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kioo. Baadhi zilipasuka usoni mwa askari. Garand nayo haipendi kila risasi ya ukubwa wake. Ilitengenezwa kwa risasi maalumu ya jeshi, na risasi nzito za kuwindia zenye baruti inayoungua polepole huipelekea gesi yenye nguvu mno kwenye fimbo inayoendesha bolti, hadi fimbo ikapinda.

Adui wa kimyakimya ni chumvi. Fataki za risasi nyingi za jeshi za zamani zilikuwa na kemikali ya klorati ya potasiamu, ambayo ikilipuka huacha mtutuni chumvi inayofyonza unyevu wa hewani. Mtu wa Lamu au Tanga hahitaji kusimuliwa kinachofuata. Kosa la wageni ni kumimina mafuta na kudhani wamemaliza. Mafuta hayayeyushi chumvi, yanaifunika tu iendelee kula. Dawa ni maji ya moto, yamiminwe mtutuni siku ileile, kisha mtutu ukaushwe kabisa, ndipo mafuta yafuate.

Uwanjani nidhamu ni ya kijeshi kuliko mchezo wenyewe. Kibendera cha plastiki cha rangi kali hukaa ndani ya chemba kuonyesha kuwa bunduki ni tupu, na watu wakishavuka mstari kwenda kwenye karatasi zao, hakuna anayeigusa bunduki, hata ya kwake, hata kwa kuifuta vumbi. Masikio hufunikwa na kila aliyepo, akiwemo mtazamaji, kwa kuwa mlio wa bunduki hizi hupita desibeli 150.

Neno kwa msomaji aliyeko Marekani, maana mialiko ya namna hii hutolewa kwa ukarimu na bunduki ya kuazima huwa haikosekani. Ukiwa umeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au utalii, sheria ya shirikisho kwa ujumla inakukataza kuwa na bunduki au risasi mikononi, isipokuwa kama unaangukia katika msamaha uliotajwa, mfano kuwa na leseni halali ya uwindaji. Rafiki anayekualika huenda hajui, naye hatakuwa wa kusafirishwa kurudi kwao. Muulize mwanasheria kwanza. Kama hujamuuliza, vaa kinga ya masikio, kaa nyuma ya mstari, utazame.