Dona si Chakula cha Aibu

Katika semina ya afya tuliyoendesha kwenye mojawapo ya sharika zetu, mzee wa kanisa alisimama wakati wa mapumziko akauliza: "Asubuhi nzima mmetufundisha juu ya kisukari, mbona mmetupa mandazi na soda?" Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile tumebadilisha chakula cha semina zetu, na katika toleo hili tunapenda kuwaeleza wanakamati na wafadhili sababu zake.

Tatizo si dogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa hapa Tanzania takriban watu 9 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari.

Wanga mzuri na wanga mbaya

Wanga huupa mwili nguvu. Tunaupata kwenye ugali, wali, ndizi, viazi, muhogo na mkate. Wanga si adui. Mkulima hawezi kushika jembe bila nguvu. Tofauti ni kasi yake mwilini. Wanga wenye nyuzinyuzi humeng'enywa polepole, na sukari huingia katika damu kidogo kidogo. Wanga wa nafaka iliyokobolewa, pamoja na sukari yenyewe, huingia haraka, na njaa hurudi mapema. Mtu akila hivyo kwa miaka mingi, huku uzito ukiongezeka na kazi za mwili zikipungua, hatari ya kisukari nayo hupanda.

Sembe na dona

Punje ya hindi ina ganda la nje, kiini, na sehemu kubwa ya wanga. Ganda lina nyuzinyuzi. Kiini, ambacho ni kama sehemu ya kumi ya uzito wa punje, kina mafuta mengi, vitamini na madini. Mashine ya kukoboa huondoa ganda na sehemu kubwa ya kiini. Kinachobaki husagwa kuwa sembe. Kilichoondolewa ni pumba, na hupewa kuku na ng'ombe. Yaani tunalipia kukoboa, kisha mifugo inakula kilicho bora na watoto wetu wanakula kilichobaki. Sembe iliyorutubishwa hurudishiwa vitamini na madini kadhaa, na hilo ni jambo jema, lakini nyuzinyuzi hazirudi.

Kwa nini basi tunaikwepa dona? Tulipouliza akina mama, wachache walitaja ladha. Wengi walitaja aibu. Dona imezoeleka kuwa chakula cha shule za bweni, jeshi na magereza. Mgeni akifika, hasa mchungaji, lazima apikiwe sembe. Hapo ndipo viongozi tunapoweza kusaidia. Mchungaji na wazee wakiomba dona wenyewe, aibu hiyo itaondoka.

Sukari ya kunywa

Soda ya mililita 350 ina takriban gramu 35 za sukari, karibu vijiko 9 vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya namna hii isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Anayekunywa soda moja na vikombe viwili vya chai yenye vijiko vitatu kila kimoja ameshavuka kiwango hicho kabla hajala.

Tahadhari

Mahindi yasiyokauka vizuri huota ukungu wenye sumukuvu, na sumu hiyo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mahindi ya dona yakaushwe juu ya turubai, si juu ya udongo, na punje zenye ukungu zitupwe. Zisipewe hata mifugo. Tena, kwa kuwa mafuta ya kiini huharibika, tusage unga wa wiki mbili tu kwa wakati mmoja.

Dona haiponyi kisukari, na ugali wa dona uliojaa sahani nao hupandisha sukari. Mgonjwa anayetumia dawa apate ushauri wa kituo cha afya kabla ya kubadilisha mlo.

Kamati za sharika zifanye nini?

1. Pimeni debe moja la mahindi, likoboleweni na kusagwa, kisha pimeni unga. Pimeni na debe jingine la dona. Wasomeeni washarika tofauti ya kilo na ya gharama.
2. Kwenye vikao na sherehe za kipaimara, wekeni viazi vitamu, magimbi au muhogo wa kuchemsha, karanga, matunda na maji safi badala ya mandazi na soda.
3. Fundisheni kugawa sahani: nusu mboga za majani, robo ugali au wali, robo maharage, dagaa au nyama.

Kwa wafadhili wetu: mabadiliko haya hayahitaji jengo wala gari. Yanahitaji maturubai ya kukaushia mahindi na mizani ya kupimia. Kwa semina zetu wenyewe, mihogo na viazi tunavinunua kwa washarika walewale, na fedha iliyokuwa ikienda kwenye soda inabaki usharikani.