Kuvuta gari la 4x4 safari ndefu: hatari iliyofichika ndani ya giaboksi

Magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne ndiyo yanayobeba kazi nyingi za umma mahali ambapo lami haijafika: chanjo, wagonjwa wa rufaa, maofisa ugani, askari wa wanyamapori na watalii. Yanapoharibika huwa mbali na karakana, na uamuzi unaofuata mara nyingi hufanywa kwa haraka kando ya barabara: ifungwe kamba, gari livutwe mpaka mjini. Kwa gari dogo la kawaida uamuzi huo waweza kupita bila madhara makubwa. Kwa gari la 4x4, safari hiyo yaweza kuua giaboksi iliyokuwa nzima, na mteremko mmoja waweza kugharimu maisha.

Sababu imo katika namna gari lenyewe lilivyoundwa. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu ya mbele peke yake, yakiinuliwa hayo, ya nyuma hubingirika tu bila kuzungusha kitu kingine. Gari la 4x4 ni tofauti. Kila ekseli ina difu yake, na kila difu imeungwa kwa propela shafti na transifa, yaani giaboksi ndogo inayogawa nguvu ya injini mbele na nyuma. Gurudumu likizunguka, difu huzunguka, shafti huzunguka, na vyuma vilivyomo ndani ya giaboksi navyo huzunguka, hata kama injini imezimwa na gia iko nyutro.

Hapo ndipo tatizo la mafuta linapoanza. Katika gari la otomatiki, pampu inayosukuma mafuta ndani ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu husimama. Giaboksi nyingi za gia za mkono nazo hulowanishwa kwa mafuta yanayorushwa na meno ya shafti ya chini, ambayo huzungushwa na injini kupitia klachi. Gari likivutwa, shafti hiyo hutulia ilhali shafti kuu inayoelekea magurudumuni huendelea kuzunguka ikiwa kavu. Hakuna taa itakayowaka kumwonya dereva wala kelele ya mapema. Gari lililovutwa kwa sababu ya pampu ya maji iliyokufa hufika karakana likiwa na giaboksi iliyoungua, na tofauti ya gharama kati ya vitu hivyo viwili haihitaji kuelezwa.

Njia iliyo salama kuliko zote, kwa hiyo, ni kutolivuta kabisa, bali kulibeba juu ya lori au tela la kubebea magari, magurudumu yote manne yakiwa hayagusi barabara. Kwa magari yanayogawa nguvu mbele na nyuma wakati wote, kama Land Cruiser Prado na Subaru Forester, hili si suala la hiari. Kuinua ekseli moja na kuacha nyingine ikibingirika, kama wafanyavyo baadhi ya wavutaji, hulazimisha upande mmoja kuzunguka na mwingine kusimama. Kifaa cha katikati kinachosawazisha pande hizo hakikuundwa kwa mateso ya namna hiyo kwa saa kadhaa. Hupata joto na kuharibika. Gari la Serikali, likiharibika mbali, taarifa itolewe mapema kwa karakana ya mkoa ya Wakala wa Ufundi na Umeme Tanzania (TEMESA), maana lori sahihi hupatikana kwa urahisi zaidi kabla giza halijaingia.

Gari likishapakiwa, lifungwe pembe zote nne kwa mikanda au minyororo yenye vikazio, breki ya mkono ikiwa imevutwa. Mikanda hulegea kadiri springi za gari zinavyotikisika, hivyo dereva asimame baada ya kilomita 20 au 30 za mwanzo kuikaza upya. Mtu yeyote asipande ndani ya gari lililobebwa.

Lori lisipopatikana, ipo njia ya pili, nayo inahitaji fundi: kufungua propela shafti zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Magurudumu na difu vitazunguka, lakini giaboksi na transifa vitabaki vimetulia. Maungio yawekewe alama kabla ya kufunguliwa, ili shafti zirudi zilivyokuwa na zisilete mtikisiko baadaye. Baadhi ya shafti huchomekwa moja kwa moja ndani ya transifa, na zikitolewa huacha tundu linalomwaga mafuta. Tundu hilo lizibwe. Jambo jingine husahaulika mara kwa mara, nalo limewahi kumweka fundi chini ya gari linalojiondokea: shafti zikishatoka, gia haiwezi tena kulizuia gari lisibingirike. Katika Land Rover Defender za zamani, hata breki ya mkono haifanyi kazi, kwa sababu inashika shafti ya nyuma na si magurudumu. Mawe au vigingi viwekwe nyuma na mbele ya magurudumu kabla spana haijagusa nati ya kwanza.

Magari kama Land Cruiser za mfululizo wa 70, yenye loki za kufungua kwenye magurudumu ya mbele, huwafanya wengi waamini kuwa kufungua loki hizo kunatosha. Loki huachia magurudumu ya mbele tu; ya nyuma bado yameungwa na giaboksi. Baadhi ya transifa zina nafasi ya nyutro, baadhi hazina, na kitabu cha mwongozo cha gari ndicho kinachosema kama nafasi hiyo inaruhusu kuvutwa, kwa umbali gani na kwa mwendo gani.

Linabaki suala la breki, ambalo ni zito kuliko la giaboksi. Injini iliyozimwa haisaidii breki wala usukani. Pedali hukanyagika vyema mara moja au mbili, kisha huwa ngumu kama jiwe, na usukani huhitaji nguvu za mikono miwili. Ufunguo usipoachwa kwenye swichi katika nafasi inayofungua usukani, usukani waweza kujifunga kwenye kona. Watengenezaji wengi wa magari haya huruhusu kuvuta hadi kilo 3,500 ikiwa mzigo una breki zake, lakini hukomea kilo 750 usipokuwa nazo. Gari la 4x4 lenye injini iliyokufa lina uzito wa tani mbili na zaidi.

Chukua safari ya kutoka Iringa kwenda Dar es Salaam, takriban kilomita 500. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baada ya Ilula barabara hushuka Mlima Kitonga kwa kona kali huku malori marefu yakipanda kwa taabu. Kwenye mteremko kama huo gari linalovutwa kwa kamba hulikimbilia lile lililo mbele yake, na kamba haiwezi kulizuia. Kamba itumike kulitoa gari mahali pa hatari na kulifikisha pa usalama, basi. Masafa marefu yanataka chuma kigumu cha kuvutia, kilichofungwa kwenye chesisi na si kwenye bampa, gari linalovuta likiwa zito kuliko linalovutwa, na gia ndogo tangu juu ya mteremko. Mbele zaidi, ndani ya Hifadhi ya Mikumi, wanyama huvuka barabara wakati wowote, na msafara wa magari mawili hausimami upesi. Safari ifanyike mchana.

Kila kituo, dereva aguse katikati ya kila gurudumu. Lililo moto kuliko mengine lina bearingi inayokufa. Ajali ikitokea, namba ya dharura ya Polisi ni 112.

Gari likifika karakana, karatasi iachwe kwenye usukani ikieleza shafti zipi zimefunguliwa, nati ziko wapi, na kwamba mafuta ya transifa yapimwe kabla injini haijawashwa.